Mjomba, sakafu yangu ya mninga imeachia mapengo na fundi anataka nimwongeze hela

Mjomba shikamoo. Mi ni mpwa wako wa hapahapa Mtwara mjini, nakaa Chuno, jina usiliweke tafadhali maana mtaa wenyewe mdogo. Nakufuatilia sana na najua ukianza kumsema mtu unamsema kweli, ila mi nisemee taratibu maana hasira ninazo tayari za kutosha.

Kisa chenyewe ni sakafu. Hela ya korosho ya msimu uliopita ilipoingia (tuna shamba Tandahimba la upande wa mama) tukasema sasa tumalizie sebule. Vyumba vyote tulishaweka marumaru ila sebule mi nilitaka mbao, tena mninga, niliiona kwa mtu Dar nikaipenda yani unatembea peku na mguu haupati baridi. Baba watoto hakupinga alisema tu mambo ya mbao yana gharama zake. Sebule yenyewe ni mita 5 kwa 6 si kubwa ya kutisha.

Fundi kaletwa na shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Na si kwamba ni mtu wa kuokota, ndo huyohuyo katutengenezea mlango wa mbele na kitanda cha watoto, na ule mlango mpaka leo unafunga vizuri mvua inyeshe isinyeshe haukwami, kwahiyo sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo. Tukakubaliana milioni tatu na laki mbili kila kitu ndani, mbao, misumari, vanishi na ufundi wake. Mbao akasema anazijua zinakotoka, Liwale, na zimekaa stoo mwaka mzima zimekauka kabisa. Yote hayo yapo WhatsApp, mengine kaandika mengine kasema kwa sauti, na hela nimetuma kwa simu kwa awamu, mpaka hivi nnavoandika ameshakula milioni mbili na laki saba, imebaki laki tano.

Sasa siku mbao zinashushwa ilikuwa Disemba na mvua zimeshaanza. Vijana wanabeba wanahema, ukipitisha mkono juu ya ubao unasikia ubaridi, na harufu ya mti imejaa baraza zima. Nikamuuliza fundi mbona zinanukia hivi, akanijibu mama mninga ndo ulivyo. Nyingine zilikuwa na weupe pembeni, ule weupe wa njano njano, nikauliza na hizi je, akasema vanishi itaficha. Basi nikanyamaza, ye ndo fundi.

Kazi ikaanza. Akapanga papi za mbili kwa mbili (zile mbao nyembamba za kubebea sakafu) juu ya jamvi la zege moja kwa moja, hakuweka nailoni wala nini, akapigilia mbao kwa juu misumari inaonekana halafu akaifukia na puti. Kabana kutoka ukuta mpaka ukuta hata kisu hakipiti, na hapo ndo alijisifu haswa, mama angalia kazi hii angalia ilivyobana! Vanishi akapaka mkono wa kwanza asubuhi, wa pili mchana, wa tatu jioni ileile na nje mvua inapiga. Kesho yake tumeweka makochi, kuja kuyasogeza miguu imeganda, na kuna sehemu vanishi ilibaki na ukungu mweupe mpaka leo.

Haikufika mbali. Mvua zilipokolea upande wa dirishani, kule nje kwenye simtanki, mbao zikaanza kunyanyuka zenyewe mpaka mlango wa kutokea barazani ukagoma kufunguka, ikabidi baba watoto aukate chini kwa msumeno. Na ubao mmoja mmoja sebule nzima ukawa umejikunja, katikati umebonyea kingo zimeinuka, ukipita peku unahesabu mbao kwa nyayo. Nikasema labda mvua zikiisha itarudi. Sasa mvua zimeisha, kusi linavuma, ndo mambo yamekuwa mengine kabisa. Mbao zimeachana. Mwanangu wa darasa la sita kapima na rula yake ya shule, mbao ni sentimita kumi upana na pengo katikati ya ubao na ubao ni milimita tatu, kwingine zaidi. Makombo yanaingia humo, sisimizi wanaingia humo, juzi pete ya mgeni ilitumbukia mpaka leo iko chini huko. Na kwenye zile mbao zenye weupe asubuhi nakuta unga laini, nafagia, kesho upo tena.

Fundi nimempigia kaja kaangalia kasema hii ni hali ya hewa ya Mtwara mama, bahari iko karibu, si kosa lake. Akasema nimpe laki nne aje apige msasa sakafu yote ikae sawa, mapengo ajaze unga wa mbao na gundi, halafu apake vanishi upya itakuwa mpya kabisa. Na ile laki tano yake anaidai palepale. Shemeji naye kila siku ananipigia, shemeji mlipe mwenzio ana watoto, unanitia aibu. Nasikia (sina uhakika) shemeji alikuwa na cha juu kwenye ile kazi. Baba watoto kachoka anasema tung'oe yote tuweke marumaru yaishe, mama mkwe yeye kazi yake ni kucheka tu.

Mjomba nimpe hiyo laki nne au nisimpe? Na laki tano je? Na nikikataa si ndo nimegombana na ukoo mzima wa mume wangu. Nisaidie maana kila nikikaa sebuleni roho inaniuma.

Mpwa wako, Chuno

---

Marahaba mpwa wangu. Pole sana, na hongera kwa mwanao wa darasa la sita, kipimo chake kina faida kuliko maelezo yote ya fundi wako.

Nianze na la haraka kwanza. Laki nne usitoe. Na si kwa sababu ya hela tu, ni kwamba hiyo kazi anayotaka kuifanya itakuharibia sakafu mara ya pili, na ya pili ndo haitengenezeki. Ubao ukiwa umejikunja hivo, kingo juu katikati chini, maana yake upande wa chini una maji mengi kuliko upande wa juu. Akija na mashine ya msasa sasa hivi atakula zile kingo mpaka ziwe sawa na katikati, utafurahi mwezi mmoja miwili. Halafu upande wa chini ukija kukauka ubao utanyooka, na pale kingo zilipoliwa zitakuwa chini, katikati kumebaki kilima. Hapo utapiga msasa tena? Ubao wa nchi moja ukishapigwa randa unabaki kama milimita 20, na za kuchezea humo ni milimita chache tu, haziruhusu majaribio.

Na habari ya kujaza unga wa mbao na gundi kwenye mapengo nayo iache. Sa hizi ni kusi, hewa imekauka kidogo, mapengo yapo kwenye upana wake mkubwa kabisa. Ukijaza sasa, mvua zikirudi kuanzia Novemba huko mbao zikivimba zitatafuta nafasi zao hazizioni, ama ule ujazo utachomoka vipande vipande ama sakafu itanyanyuka kama ilivonyanyuka dirishani.

Sasa tuje kwenye chenyewe. Nimesoma barua yako mara ya pili na kuna neno umelipitia juu juu, simtanki. Umesema mbao zimenyanyuka upande wa dirishani, "kule nje kwenye simtanki". Sasa nenda nje kaangalie. Tanki likijaa maji ya bati yanamwagikia wapi? Gata inavuja? Ardhi ya pale imeinuka kufika usawa wa sakafu ya ndani, au ukuta una ule unyevu unaobabua rangi chini chini? Maana katika sebule yako mi naona magonjwa mawili, na fundi wako anayachanganya makusudi au hajui. La kwanza ni mapengo na kujikunja sebule nzima, hili ni la mbao mbichi. La pili ni kunyanyuka upande mmoja mpaka mlango ukagoma, hili ni maji yanayotoka nje yakipita kwenye ukuta na jamvi.

Kwanini nasisitiza kuyatenganisha? Kwa sababu siku mkikaa kikao, fundi ataanza na tanki. Atasema mama tanki lako ndo limeua sakafu, na watu watatikisa vichwa maana ni kweli tanki lipo. Wewe ukiwa umeshalitenga utamwambia sawa, ule upande wa dirishani tuuweke kando, haya huku katikati kwenye makochi ambako tanki halifiki, mapengo haya yameletwa na nini?

Na hapo ndo rula ya mtoto inafanya kazi. Milimita 3 kwenye ubao wa sentimita 10 ni sehemu 3 katika kila 100. Mninga sifa yake kubwa, ndo maana watu wanaulilia na bei yake iko pale ilipo, ni kwamba husinyaa kidogo sana ukilinganisha na miti mingi ya misitu yetu. Mninga uliokauka vizuri hauendi huko. Kwahiyo ama ulikuwa mbichi sana, ama si mninga wote, kachanganyiwa na miti mingine ya miombo ambayo inacheza mno, mtondoro kwa mfano, ama vyote viwili. Ile harufu iliyojaa baraza na ule ubaridi wa mkononi wewe mwenyewe uliusikia. Mbao ya nchi moja unene kuianika kivulini mpaka ikauke mafundi wa zamani walikuwa wanakadiria mwaka, kwahiyo ile hadithi ya "zimekaa stoo mwaka" si ya ajabu, ingekuwa kweli zingefaa. Mwambie tu akuletee risiti ya mbao na karatasi za TFS, wakala wa misitu, ile hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Pale inaandikwa aina ya mti, ujazo na tarehe. Kama mbao zilikaa stoo hapahapa Mtwara mwaka mzima, karatasi yake haiwezi kuwa ya Disemba ileile. Na kama hana karatasi kabisa basi hilo nalo umeshalijua.

Hii ya "hali ya hewa ya Mtwara" nimeisikia mpaka nimeichoka. Bahari haikuhamia hapa jana. Milango ya Mikindani imekaa na bahari hiyohiyo miaka na miaka. Kwenye nyumba zetu za pwani ambazo madirisha yako wazi na hakuna eisi, mbao ikitulia ndani inabaki na maji kama asilimia 12 mpaka 15 hivi ya uzito wake mkavu, basi fundi kazi yake ni kuileta karibu na hapo kabla hajaipigilia. Kupima wala si uchawi. Kuna kifaa cha kupimia unyevu wa mbao kinashikika mkononi, lakini hata bila kifaa unakata kipande kidogo katikati ya ubao (mwisho wa ubao hukauka mapema unadanganya), unakipima kwenye mizani ya gramu, unakiweka kwenye oveni ya mama wa keki moto wa nyuzi 100 hivi mpaka uzito uache kushuka, unapima tena. Kikiwa kilikuwa gramu 460 kikabaki 400, zimetoka 60, gawanya kwa 400, hiyo ni asilimia 15, inafaa. Kikiwa kilikuwa 500 kikabaki 400 hiyo ni asilimia 25, mwambie mwenye mbao azirudishe kwenye gari.

Ila nisimwonee fundi wako, naamini mlango wenu ni mzuri kweli. Tatizo ni kwamba mlango na sakafu ni kazi mbili tofauti na watu hawaambiwi. Mlango umesimama, pande zote mbili zinapata hewa ileile, zinakauka pamoja na kuvimba pamoja, hata mbao ikiwa na ubichi kidogo inajirekebisha. Sakafu imelala. Juu umeifunga kwa vanishi, chini imegeuziwa jamvi, na jamvi linapandisha unyevu wa ardhini mwaka mzima hasa likiwa halina nailoni. Ndo maana nailoni nzito, ile ya geji 1000, inatandikwa juu ya jamvi yote na kupandishwa kidogo ukutani kabla hata papi hazijaguswa. Na jamvi lenyewe linapimwa: unabandika kipande cha nailoni cha kama nusu mita kila upande, unafunga kingo zote kwa selotepu, unakiacha mpaka kesho yake, ukikuta matone chini yake au saruji imekuwa nyeusi hapo hapajawa tayari. Kazi hii haina haja ya mashine wala hela, selotepu ya buku inatosha.

Na pale alipojisifia ndo alipoharibu zaidi. Sakafu ya mbao haibanwi ukuta mpaka ukuta. Inaachiwa nafasi pembeni kote, milimita 10 mpaka 12 kwa sebule kama yako, halafu skating, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, ndo inaziba ile nafasi isionekane, na skating yenyewe inapigiliwa ukutani siyo kwenye sakafu. Mbao zako zilipovimba dirishani hazikuwa na pa kwenda ndo zikaenda juu. Kwahiyo hata kwenye ule ugonjwa wa maji fundi ana mkono wake, tanki limeleta maji, ye kanyima mbao nafasi na hakuweka nailoni. Vanishi ya mikono mitatu kwa siku moja, tena mvua inanyesha, hiyo sina la kuongeza, makochi yaliyoganda na ukungu vimeshasema.

Tuje kwenye hela. Laki tano usimlipe kwa sasa, lakini pia usimwambie "sikulipi ng'o". Mwandikie kwenye WhatsApp hukohuko mlikoanzia, kwa adabu, kwamba hela iliyobaki umeishikilia mpaka kazi ikaguliwe, taja matatizo moja moja na picha, rula ionekane kwenye pengo, na umpe siku ya kuja. Usitumie maneno makali maana huo ujumbe kesho unaweza kusomwa na mtu mwingine. Ongea na fundi mwingine wa mbao asiyejuana naye aje aangalie, ukimkosa mtaani jaribu kuuliza chuo cha ufundi cha VETA, wapo hapa Mtwara na Lindi pia wapo, walimu wa useremala wanafahamu nani anajua nini. Anyanyue mbao mbili tatu, moja karibu na dirisha moja katikati, mkiona chini kuna nini mpige picha. Angalieni na papi, kama hazikupakwa dawa ya mchwa nazo zina hadithi yao. Pete ya mgeni nayo itapatikana hapo.

Halafu kikao. Kwa mwenyekiti wa mtaa, fundi awepo, shemeji awepo, baba watoto awepo. Ukiniuliza mi ningedai nini, ningedai hivi: zile mbao ambazo si mninga na zile zenye weupe azibadilishe kwa gharama yake, ufundi wa kung'oa na kupanga upya iwe bure, vanishi anunue yeye, na wewe utengeneze gata na tanki kwa hela yako. Akikubali, iandikwe na wote wasaini, na laki tano alipwe siku kazi imekamilika siyo kabla. Akikataa, basi ile laki tano ndo mtaji wako wa kuanzia na fundi mwingine, na kinachozidi hapo unadai. Watu watakwambia huna mkataba. Unao. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, shida yake huwa ushahidi tu, na wewe ushahidi umejaa kwenye simu, sauti zake, meseji zake, miamala yako. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji kama hizo zinapokelewa mahakamani, kwahiyo usibadilishe simu ukapoteza, ziweke na sehemu nyingine. Dai la ukubwa huu linaingia Mahakama ya Mwanzo. Polisi usiende, najua wengi wanakimbilia huko ili mtu atishwe, lakini hii ni madai siyo jinai na mara nyingi ukitoka huko umepoteza hela na kikao kimeshakufa.

Shemeji sasa. Habari ya cha juu usiitaje kabisa, umesema mwenyewe huna uhakika, na hata ungekuwa nao. Ukiitaja, kikao kitahama kwenye sakafu kitakuwa kesi ya ukoo, na fundi atakaa pembeni anakunywa maji anawaangalia. Shemeji mwite wewe kabla ya kikao, umpikie, umwambie shemeji wewe ndo ulituletea huyu bwana na sisi tulimpokea kwa heshima yako, tusaidie amalize kazi. Hapo hajashitakiwa, kapewa kazi. Kama alikula kitu humo ndani atajua mwenyewe namna ya kuongea na mwenzie, tena ataongea kwa bidii kuliko wewe. Ila haya maneno aanze nayo baba watoto, ni mdogo wake yule, siyo wewe mke ukabebe mzigo wa kumdai mtoto wa mama mkwe. Na yeye baba watoto naye aache kusema yaishe yaishe, milioni mbili na laki saba haziishi kwa kuwekewa marumaru juu.

Hayo marumaru mi siyapingi, ni uamuzi wenu na kwa pwani ni kitu kisichosumbua. Lakini msing'oe kwa hasira mkauza mbao kwa bei ya kuni. Kama zaidi ya nusu ni mninga kweli, moyo wa mti ule mwekundu wa kahawia wenye michirizi, hiyo ni mali bado. Zinang'olewa taratibu, misumari inatolewa, zinapangwa barazani kivulini zikiwa zimetenganishwa na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, mzigo unawekwa juu zisipinde. Kusi hili linavyovuma likikutana nazo hivo mpaka Oktoba zitakuwa zimefika mahali. Wakati huo jamvi nalo linapumua na gata inatengenezwa. Oktoba hiyo kabla ya mvua unaziingiza ndani zilale sebuleni wiki mbili hivi, kingo zinapigwa randa upya, zinapangwa juu ya nailoni na papi zilizopakwa dawa. Na kwa kuwa Oktoba mbao ndo zimekauka kuliko wakati wowote wa mwaka, zisibanwe kufa, kila baada ya ubao wapitishe kadi ya benki, nafasi ya unene ule itakuja kufungwa na mvua yenyewe. Mtapungukiwa mbao kidogo maana zimesinyaa, safu moja mbili hivi, hizo ndo za kumdai fundi.

Vanishi mkono mmoja kwa siku, msasa laini katikati, na siku ya mvua anapumzika.

Zile zenye weupe wa njano na unga wa asubuhi usizirudishe ndani hata fundi akikuapia kwamba atazipaka dawa. Ule unga ni wadudu wanakula ule weupe, moyo wa mninga hawauwezi lakini weupe wanaupenda, na wakimaliza hapo watauliza makochi na kitanda cha watoto. Zitenge leo hiihii uzitoe nje, piga picha kwa ajili ya kikao, weka kipande kimoja kwenye mfuko wa nailoni ukifunge vizuri umwoneshe mwenyekiti, zilizobaki ziende jikoni zikapikie ubwabwa wa shemeji.